Birika Tupu

Basi lilimshusha Dahbia Ouchene asubuhi katika mji wa nyanda za juu ambao hakuwahi kuukanyaga. Kabla hajauliza njia, vigelegele vilimwonyesha chuo kilipo. Utetezi wa tasnifu haujaanza, mama wa mtahiniwa ameshashangilia ushindi.

Kwao Béjaïa walimwita Chekeche. Miaka kumi na tisa alikuwa akipima tafiti za saikolojia za wenzake, na katika vyuo saba vilivyomwalika, hakuna kilichomwita mara ya pili. Safari hii aliitwa kwa kuwa mtahini mwingine aliugua ghafla. Bila saini yake, mtahiniwa, Boualem, asingepata udaktari alioufukuzia miaka kumi na mmoja.

Tasnifu ilidai kuwa chai ya nanaa hutuliza hasira. Watu thelathini walikunywa, thelathini hawakunywa, kisha wote wakajaza dodoso. Wasiokunywa walikuwa na hasira maradufu. Profesa Sellami, mwenyekiti, aliyaita matokeo hayo fahari ya taifa.

"Mwanangu," Dahbia akauliza, "uliamuaje nani anywe?"

"Kwa haki kabisa, mwalimu. Waliowahi walikunywa."

"Na waliochelewa?"

"Walikuta birika tupu."

"Wakajua wenzao wamekunywa?"

"Wangekosaje kujua? Glasi zilikuwa bado mezani."

Nyuma mtu alicheka, akajifanya anakohoa.

"Basi hukupima chai. Umepima watu walionyimwa chai."

"Dada Dahbia, usituharibie shughuli," Sellami akasihi. "Keki za makrudi zimeshapangwa. Shangazi zake wametoka Oran!"

"Shangazi nao walijaza dodoso?"

"Kumi na mmoja tu," Boualem akajibu kwa unyofu.

"Walikunywa?"

"Shangazi zangu hawachelewi, mwalimu."

Dahbia akafunika kalamu. "Rudia. Rusha sarafu kwa kila mtu: upande huu chai, upande huu maji ya moto. Ukimaliza, nitakuja kusaini, vyovyote yatakavyokuwa matokeo."

Kikao kikaahirishwa, lakini chai haiahirishwi. Sinia ilizunguka ukumbi mzima, ikamfikia yeye mwisho. Mama wa Boualem akaliinamisha birika juu ya glasi yake, taratibu, mpaka kila mtu akaona halitoki hata tone.

"Pole, binti. Imekwisha."

Masikio yakamwaka Dahbia. Akachomoa dodoso tupu lililoambatishwa nyuma ya tasnifu, akajaza kwa uaminifu palipoandikwa "hasira", akamwekea Boualem mezani.

"Wa sitini na mmoja. Andika: alinyimwa."

Akatoka kuwahi basi. Ukumbini shangazi waliendelea kutafuna. Boualem alilisoma dodoso mara mbili, kisha akaanza kupapasa mifuko yake akitafuta sarafu.