Wenzangu wa Kupanda Mlima

Mnicheke tu, wasomaji. Mimi ni Bibi Maendeleo katika kijiji cha ujamaa karibu na Mkata. Mchana nawafundisha akina mama usafi na mapishi. Jioni nakula peke yangu, wala hakuna anayebisha hodi.

Likizo ilipokaribia nikapanga kupanda milima ya Usambara kwa miguu, kutoka Mkumbara hadi Dindira, nikilala vijijini njiani. Jirani yangu, Mama Mwanaidi, akaniuliza naenda na nani. Niliona haya kusema ukweli.

"Na wenzangu watatu, mama. Tunakutana Korogwe."

Habari ikaenea. Akina mama wakaniletea unga, mihogo ya kuchoma na mablanketi ya kuwatosha hao wenzangu. Ningekataaje? Mzigo ukawa mkubwa hata Mama Mwanaidi akaamua kunisindikiza.

"Nami niwasalimu wenzio," akasema.

Tuliposhuka kwenye basi Korogwe, nikawaona wasichana watatu wameketi juu ya mizigo yao. Kwa kutapatapa nikawakimbilia, mikono nimeikunjua.

"Jamani, mmenisubiri sana?"

Wakatazamana. "Samahani, dada," mmoja akajibu kwa sauti, "umetufananisha."

Nikageuka. Mama Mwanaidi alikuwa nyuma yangu, mzigo ukiwa bado kichwani.

"Kumbe huna mtu, mwanangu?"

"Sina, mama," nikasema, na kilio kikanitoka pale pale kituoni, abiria wote wakinitazama.