Vipimo vya Mwishehe

Binamu yangu Mwishehe alianza kuitwa Dokta siku ile ile alipokubaliwa kuanza masomo ya udokta, ambayo ni sawa na kumwita mtu Alhaji kwa sababu amepiga picha ya pasipoti. Wala si sisi tuliompachika jina hilo. Alijipachika mwenyewe. Alianza na wapangaji wenzake huko anakokaa, mtaa wa Kwa Mathias, Kibaha, akahamia kwa muuza chipsi, kisha akaja kwangu. Mimi nauza vitenge hapo hapo karibu na kituo cha basi. Nikamwambia mimi ni mtoto wa mjomba wake, mtani wake wa kuzaliwa, na nitamwita Dokta siku atakayonichoma sindano.

"Sio udaktari wa sindano, Saida," akasema. "Ni uzamivu. Uzamivu wa takwimu."

Neno hilo alilipeleka mpaka kwao Vihingo, ndani huko Kisarawe, tulipokwenda kula Idi kwa mama yake, shangazi yangu Biasha. Baba yangu, mzee Salehe, akauliza kama uzamivu ndio ule wa vijana wanaojificha kwenye meli ili wafike Ulaya.

"Hapana, mjomba. Ni kuzama kwenye elimu."

"Na ukizama, nani atakuopoa?"

Mwishehe hakucheka. Alisubiri watu wamalize pilau, akasimama, akaanza kutueleza masharti ya shahada yake kama mtu anayesoma wasifu wa marehemu. Kwanza masomo ya darasani: uwezekano, ukadiriaji, michakato nasibu, mengine nimeyasahau kwa makusudi. Halafu mtihani wa kufuzu, ambao usipoupita hugusi hatua inayofuata. Halafu pendekezo la utafiti. Halafu makala kwenye majarida. Halafu tasnifu. Halafu utetezi. Hapo baba akamkatiza, akauliza kashitakiwa na nani.

Ili tumwelewe, akatupa mfano. Takwimu, alisema, ni elimu ya kujua unavyoweza kukosea, na makosa yapo ya aina mbili. La kwanza ni kumtangaza mzima kuwa mgonjwa. La pili ni kumtangaza mgonjwa kuwa mzima. Shangazi Biasha alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema hata zahanati yao iko hivyo hivyo.

Sasa mwenzetu huyu alikuwa na madoido yake. Wenzake chuoni masomo yote wanayataja kwa Kiingereza, yeye akaapa kuyataja kwa Kiswahili, maana jamii lazima ielimishwe. Lilikuwapo somo moja lililomtoa jasho kuliko mengine yote, la namna wanahisabati wanavyopima ukubwa wa vitu visivyoonekana. Yeye akaliita Vipimo. Ukimuuliza kwa nini macho mekundu, anajibu, "Vipimo." Ukimuuliza harusi lini, maana umri ulikuwa unakwenda, anajibu baada ya Vipimo. Nilimwonya kwamba mtu wa Vihingo akisikia vipimo anafikiria damu na choo. Akaniambia hayo ni mawazo mgando.

Mwezi wa sita akafanya mtihani wa kufuzu, akafeli. Alifeli Vipimo. Kanuni za chuo zilimruhusu kurudia mara moja tu, mwezi wa kumi, na akifeli tena anaaga mlangoni.

Alimpigia mama yake simu akiwa amekaa kwenye benchi langu. Mtu mwingine angesema, "Mama, nimefeli mtihani." Maneno matatu, anayaelewa hata mtoto wa chekechea. Lakini Dokta hafeli. Dokta alikohoa kidogo, akasema, "Mama, majibu yametoka. Si mazuri. Vipimo vimeniangusha. Wamenipa nafasi moja tu, mwezi wa kumi. Ikishindikana hiyo, basi tena." Mtandao wa Vihingo unakatakata, nadhani shangazi aliuliza tena, maana Mwishehe akamalizia kwa sauti ya upole, "Usilie, mama. Ni mtihani tu."

Hapo ndipo alipojimaliza. Kwetu mtu akipatwa na jambo zito, liwe saratani au msiba, halitaji kwa jina lake. Anasema kapata mtihani.

Jumapili yake ujumbe ukaingia Kibaha kwa kupitia Mlandizi: shangazi Biasha, baba yangu, na akina mama wawili wa jirani waliojitanda kanga kama wanakwenda kuhani msiba. Walikuja na kuku, mihogo, na chupa ya kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya waridi. Walimkuta Mwishehe amelala mchana, kwa sababu usiku alikuwa akisoma. Alikuwa amekonda, hakunyoa ndevu, na chumba kilinuka chai. Kwa kweli alionekana mgonjwa. Hesabu huwa zinamfanya mtu hivyo.

Baba akamshika kiganja. "Wamesema nini, mjomba? Ni damu au ini?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimebeba sufuria, na nilimwona. Niliona maana ya swali ikimwingia. Niliona pia akifungua mdomo. Mama yake alikuwa amemkalia miguuni, anamkanda nyayo, na akina mama wale wanamtazama kwa huruma ambayo hajawahi kutazamwa nayo na mtu yeyote tangu aanze masomo. Akaufunga mdomo. Halafu akakohoa.

Akakohoa, jamani. Mtu mzima, ana shahada mbili, akakohoa na kunywa kombe.

Walipoondoka nilimwuliza kama ana akili timamu. Hakuniangalia usoni. "Saida, ukiwa mgonjwa watu wanakuombea. Ukifeli wanakucheka. Wewe wa kwanza." Hilo lilinichoma, sikatai, maana ni kweli ningecheka. Akaendelea, "Mwezi wa kumi nitapita. Nikipita nitamwambia nimepona. Yataisha kimya kimya, hakuna atakayeumia."

"Na ukifeli?" nikamwuliza. "Utakufa?"

Akavuta daftari lake la Vipimo.

Na kuumia kulikuwa kumeshaanza. Shangazi Biasha aliweka nadhiri: atafunga kila Jumatatu na Alhamisi mpaka mwanawe apone, na akipona atasoma maulidi na kuchinja beberu wake. Jua lile la Kisarawe, mwanamke wa umri ule, shambani toka alfajiri, anafunga kwa ajili ya ini lisilo na neno. Nilipokwenda kumtembelea mwezi wa nane nilimkuta mifupa ya mabega imetokeza. Nikamwambia wazi wazi, "Shangazi, Mwishehe haumwi. Ni masomo tu." Akanishika mkono, machozi yakamtoka. "Kakutuma uje kuniliwaza," akasema. "Mungu akulipe." Nilirudi Kibaha nikiwa na hasira ya kutafuna ukuta.

Nikamwambia Mwishehe mama yake anakwisha. Akasema amebakiza muda mfupi. Nikamwuliza lile la mama yake ni kosa la aina ya kwanza au la pili, akainuka akaenda zake. Tangu siku hiyo alipita upande wa pili wa barabara.

Mwezi wa kumi ukafika. Akafanya mtihani. Akafeli tena Vipimo, safari hii vibaya zaidi, na chuo kikamshukuru kwa juhudi zake.

Alikuja kibandani kwangu asubuhi, kasimama kati ya vitenge. Sikumcheka. Nilitaka kucheka, nilikuwa nimeyaandaa maneno tangu mwezi wa sita, lakini yalinikauka. Akasema, "Nisindikize nyumbani. Peke yangu nitatunga uongo mwingine."

Tulimkuta shangazi anachambua kunde barazani. Ilikuwa Alhamisi, kafunga. Alipotuona wawili hivyo aliweka ungo chini, akashika nguzo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Majibu yametoka?"

"Yametoka. Nimefeli, mama."

Shangazi akakaa taratibu. Akaanza kumtaja Mungu. Mwishehe akapiga magoti mbele yake na kusema haraka haraka, kabla ujasiri haujamtoka: "Mtihani, mama. Wa darasani. Wa kuandika kwa kalamu. Vipimo ni jina la somo. Sikuwahi kuumwa. Siku mliyokuja na kombe nilijua mmekosea, nikanyamaza, kwa sababu niliona aibu kusema nimefeli. Na sasa nimefeli tena, wamenifukuza."

Kuku walipita kati yetu.

"Ini?" akauliza.

"Zima, mama."

"Damu?"

"Haina kitu."

"Umefeli shule tu?"

"Shule tu."

Shangazi Biasha akainuka, akatoka uani, akapiga kigelegele kilichosikika mpaka ng'ambo ya bonde. Majirani wakaja mbio, na yeye anarukaruka, anawaambia, "Kafeli. Mwanangu kafeli. Wamemfukuza kabisa." Nao, bila kuelewa, wakaitikia vigelegele. Mwishehe bado kapiga magoti pale barazani, anataka kuwafahamisha kwamba lile ni jambo la kusikitisha, na hakuna anayemsikiliza.

Kisha shangazi akarudi, na furaha ilikuwa imeshapungua usoni. "Kwa hiyo udokta huna."

"Sina."

"Na ugonjwa huna."

"Sina."

"Mimi nilifunga kwa ajili ya mwanangu. Sikufunga kwa ajili ya Dokta. Ungeniambia umefeli, ningekupikia." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Umebaki Mwishehe. Ndiye niliyemzaa. Inuka."

Akainuka, analia waziwazi mbele ya majirani, na mimi pia nililia, ingawa nilikuwa nimejiapiza sitamhurumia.

Nadhiri ni nadhiri. Kesho yake, Ijumaa, beberu alichinjwa na maulidi yakasomwa. Baba aliposimama kuomba dua, alimshukuru Mungu kwa kumfelisha kijana wetu, na uwanja mzima ukaitikia amina. Mgeni mmoja kutoka Mzenga akamwita Dokta, amsogezee sahani. Shangazi akasema hapa hakuna Dokta, yule anaitwa Mwishehe.

Jumamosi alfajiri nilisikia mlango wa chumba alicholala Mwishehe ukigongwa. Shangazi alikuwa amesimama nje na majembe mawili. Mvua za vuli zilikuwa zimekaribia, shamba lilikuwa halijaguswa kwa sababu ya funga zake, na yeye mwenyewe, alisema, alikuwa bado hajapata nguvu, kwa hiyo jembe la pili lilikuwa langu.