Matofali Mepesi ya Adela

Adela wa Msamala amejenga nyumba za watu miaka ishirini na sita, na hadi leo wapo wanaomuuliza fundi yuko wapi huku mwiko ameushika yeye. Mgongo ulipomgomea, daktari alimwambia asinyanyue kitu kinachozidi kilo kumi na tano. Tofali la saruji ni kilo thelathini. Ni sawa na kumwambia mwashi akauze nyanya.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mama Joachim," mumewe Rupert alimfariji.

"Koleo linanunuliwa, baba Joachim. Mgongo je?"

Hata hivyo hakukata tamaa. Aliagiza kutoka Mbeya viroba vya mawe ya volkano, yale yanayoelea majini, akayatumia badala ya kokoto. Tofali likatoka na kilo kumi na nne tu, ila likawa linamong'onyoka kama kitumbua kilicholala. Akakumbuka banda la mashine ya kukoboa mpunga alilowahi kulijenga: saruji iliyomwagikia majivu ya pumba ilishika hata sururu ikashindwa. Akachekecha majivu ya pumba, akayachanganya na mawe yale, akapunguza saruji, akafyatua matofali ishirini.

Siku ya saba akayapima kama mafundi wote wa hapa wanavyopima. Akaliachia moja kutoka usawa wa magoti. Likapasuka. La pili nalo likapasuka. Adela alilia, wala hakujificha. Rupert akayaondoa yaliyobaki ili majirani wasiyaone, akayapanga migombani nyuma ya bafu, maji ya kuogea yanakopita.

Miezi miwili baadaye, Adela alikwenda kuyaponda apate kifusi. Nyundo ikadunda. Akapiga tena, safari hii kwa hasira, ikadunda vilevile. Akaligonga tofali kwa mwiko, likalia kama chungu kizima. Akaketi palepale kwenye matope. Siku zote hizo, yeye akiwa ameshayasahau, majivu yalikuwa yanakunywa maji na kushikana kimyakimya. Miaka yote ya ufundi, na hakuwahi kuwaza kwamba takataka inaweza kuwa na uvumilivu kumzidi yeye.

"Tuliyahukumu yakiwa machanga," alimwambia Rupert, kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

Kisha akapiga magoti, akalikumbatia tofali, akanyanyuka nalo polepole. Rupert alinyoosha mikono ampokee. Adela akampita, akaenda kwenye ukuta wa jiko lao ulioishia usawa wa kifua tangu alipougua, akaliweka mwenyewe.