Askari Wenye Pembe

Kwaru, kwaru, kwaru. Hiyo ndiyo sauti aliyorudi nayo nyumbani siku yake ya kwanza barabarani: kwato za swala zikiitafuta ardhi juu ya lami na kuikosa. Alikuwa binti mbichi, ameketi kando ya mjomba wake katika lori la maziwa, anajifunza kazi. Mjomba hakukanyaga breki kabla ya kumgonga. Alisimama mbele kidogo, akateremka, akalikagua bampa, akalipangusa kwa kitambaa na kupanda tena.

"Bati zima," akasema. "Tumshukuru Mungu."

"Na yule?"

"Yule nani?" mjomba akauliza, na kweli hakujua anaulizwa habari za nani.

Macho ya mjomba yalipoanza kufifia, ushirika wa wafugaji ulimpa binti usukani. Miaka ikapita, binti akawa mke wa fundi viatu na mama wa watoto, na lori likawa kama chumba cha pili cha nyumba yake. Alishona mto wa kukalia, kwa sababu kiti kilikuwa kimebonyea kufuata umbo la mjomba, na mjomba alikuwa mtu mpana. Taa ya kulia ilipopasuka akafungiwa nyingine ya rangi ya manjano. Kila alfajiri alizunguka vituo vya kupokelea maziwa, akapakia madumu, akayafunga kwa kamba yasigongane, akashika barabara ya kiwandani kabla jua halijaanza kuyachachusha.

Barabara ile ilipasua nyika katikati. Upande mmoja palikuwa na malisho, upande wa pili maji, na wanyama walikuwa wakivuka pale tangu kabla ya lami, kabla ya gari, kabla ya mtu wa kwanza kusema ana haraka. Zamani serikali ilisimika kibao chenye picha ya swala. Watu wakabandika juu yake tangazo la mganga, kisha la sabuni, kisha la mtu anayenunua nywele, hata swala akabaki pembe tu. Na kila asubuhi lami ililaza maiti zake: nungunungu aliyebaki miiba, ngiri aliyevimba, digidigi mdogo ambaye ungemdhani mfuko ulioanguka kutoka kwenye baiskeli. Magari yalipita juu yao mpaka wakawa doa, na doa likawa barabara.

Kilichomkera si kwamba wanyama walikufa. Kila chenye roho hufa. Kilimkera jinsi habari ilivyosimuliwa. Madereva wakifika yadini, hakuna aliyesema "nimeua." Walisema "ameniharibia taa." Walisema "limenipasua kioo." Mnyama aliyelala kifudifudi porini, utumbo nje, ndiye aliyekuwa mkosaji, na aliyesimama akinywa chai ndiye aliyeonewa.

Sasa, madereva wa njia ile walikuwa na lugha yao. Ukikutana na mwenzako akakupigia taa mara mbili, maana yake askari wa barabarani yuko mbele: funga mkanda, punguza mwendo, vaa uso wa raia mwema. Ilikuwa ahadi isiyoandikwa, na haikuwahi kuvunjwa. Hata watu waliokuwa hawasalimiani msibani walipigiana taa.

Siku moja aliona kundi la swala likichungulia lami kama watoto waliotumwa dukani. Gari likatokea mbele. Akapiga taa. Gari likapunguza mwendo, dereva akavuta mkanda, akamtafuta askari kushoto na kulia, akakuta swala. Swala wakavuka. Ndani ya lori mwanamke akacheka peke yake, na kuanzia siku hiyo hakuacha kupiga taa. Ngiri, taa. Digidigi, taa. Kobe, taa. Ndipo wakamwita Mama Taa.

"Mama Taa," walimwambia yadini, "vipi, leo askari wako wana pembe?"

"Wana pembe, na hawali rushwa," alijibu. "Nyinyi mmezoea wale wanaokula."

"Mimi nimefunga mkanda kwa heshima ya ngiri," alilalamika dereva wa lori la mchanga. "Nimemtolea na shikamoo."

"Akaitikia?"

"Kanigeuzia mkia."

"Basi anakufahamu."

Walicheka, naye akacheka nao. Lakini kicheko kikikaa sana huota meno. Madereva walichoka kushtuliwa, na mmoja wao akatunga kanuni mpya iliyoenea yadi nzima: ukiona taa ya manjano inakupigia, ujue ni Mama Taa na wanyama wake. Na kama ni wanyama, basi si askari. Na kama si askari, njia nyeupe. Kanyaga.

Aliyeicheka kanuni hiyo kuliko wote alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, dereva wa gari la mikate, aliyeitwa Slesi. Ndugu wa anayechekwa hulazimika kucheka mapema, asije akachekwa naye. Mwenyekiti wa madereva hakucheka. Alimwita Mama Taa kwenye kijumba chake chenye kalenda ya mwaka uliopita, akamwambia kwa upole, "Mama, ishara ni mali ya wote. Usiifuje."

Asubuhi moja ya ukungu, pundamilia alikuwa amesimama katikati ya lami. Jike, tumbo limejaa. Wenzake walikuwa ukingoni wakimsubiri, na yeye amegeuza shingo kuwatazama kama mgeni aliyesahau kitu mlangoni. Mama Taa alisimamisha lori. Akasubiri. Mbele, ndani ya ukungu, taa za gari zikatokea, taa tu, bila umbo. Akapiga mara mbili. Akapiga tena, akabana na honi. Taa zile hazikupungua. Zilikuja kwa kasi zaidi, injini ikapanda sauti, na hapo alifumba macho.

Alipoyafumbua, barabara ilikuwa nyeupe kwa mikate. Gari lilikuwa limelala ubavu, pundamilia amelala mbele yake, na juu ya mlango uliopinda aliona picha ya mkate aliyoijua kama anavyoujua mlango wa kwao.

Slesi alikuwa hai. Mguu umebanwa chini ya usukani, uso umekuwa wa majivu. "Dada," alisema.

Watu walitoka ndani ya ukungu usioonyesha hata nyumba. Wa kwanza alikuja na kisu. Wa pili alikuja na gunia. Magari mawili yalisimama, na walioteremka waliinama, si kwa mtu, kwa mikate.

"Huku kuna mtu," alisema Mama Taa.

"Tunamwona," mmoja alimjibu, akiipangusa mikate vumbi na kuipanga kifuani.

Alichukua jeki ya lori na nondo ya kufungulia madumu, akalala chini kwenye vioo. Baadaye mwenye kisu aliona haya, akakichomeka kisu kiunoni na kuja kushika upande wa pili. Wawili hao ndio waliomtoa Slesi. Wengine walikuwa bado wanabishana juu ya paja. Askari alipofika, swali lake la kwanza lilikuwa nani aliyeanza kumchuna mnyama bila kibali, na la pili alimuuliza Mama Taa: "Kwa nini ulisimamisha lori katikati ya njia?"

"Kulikuwa na kiumbe mbele yangu."

"Ungepiga honi ukapita. Leseni."

Aliitoa. Mikono yake ilikuwa na damu ya mdogo wake, na askari aliishika ile leseni kwa ncha za vidole.

Hospitalini, Slesi alilazwa mguu umening'inizwa kwa kamba, plasta hadi pajani. Mama yao alifika na kanga mbili na maneno mengi. Alimtazama mwanawe, akaanza, "Asiyesikia la mkuu..." macho yake yakauangukia ule mguu, akaimeza methali nzima na kuomba maji.

Mchana wa siku iliyofuata mwenyekiti alikuja na madereva wawili na mfuko wa machungwa. Walimpa Slesi pole, wakautazama mguu kwa adabu. Kisha mwenyekiti akamgeukia Mama Taa.

"Dada yangu, tumekaa kikao. Kijana mwenyewe amesema. Slesi, si umesema?"

Slesi alitazama dari. "Niliona taa ya manjano. Nikajua ni dada. Nikajua hakuna askari." Akameza mate. "Nikakanyaga."

"Umesikia?" alisema mwenyekiti. "Ishara ingebaki ya askari, huyu angeshika breki. Mguu huu umevunjwa na mzaha wako. Sasa tunataka utuambie mbele yake kwamba taa utapiga kwa askari tu. Ukikataa, tutauambia ushirika utafute dereva mwingine, maana hatuwezi kupishana na mtu asiyeeleweka."

Mama Taa alisimama. Tangu jana alikuwa hajaketi vizuri wala hajalia vizuri.

"Kwa hiyo angeshika breki kwa ajili ya askari," alisema. "Askari anayeweza kumnunulia soda yakaisha. Lakini kitu kinachoweza kumwua, kitu chenye uzito wa ng'ombe, chenye mtoto tumboni, hicho cha kukanyagia mafuta. Na mwenye kosa ni mimi niliyemwambia. Mwenyekiti, mimi nimepiga taa. Nani aliyewafundisha kwamba taa yangu maana yake kanyaga? Mimi? Mlikaa kwenye chai mkatunga, mkacheka. Nendeni basi mkamwulize huyo mtungaji kama ana mguu wa kumwazima mdogo wangu."

Dereva wa lori la mchanga, aliyekuwa mmoja wa wale wawili, aliyashughulikia machungwa kama mtu aliyetumwa kuyahesabu.

"Usipandishe sauti, kuna wagonjwa," alisema mwenyekiti.

"Walikuwepo wagonjwa jana pia. Mlikuwa mnaokota mikate."

"Si sisi."

"Ni nani, basi? Nyika ile ina watu gani wengine?"

Wodi nzima ilikuwa imewageukia. Muuguzi alisimama na sinia yake ya dawa, haendi mbele wala nyuma. Mama yao alimvuta Mama Taa pindo la nguo, kidogo, jinsi alivyokuwa akimvuta alipokuwa mtoto mbele ya wageni. Kila mtu alimwelewa: una watoto, una lori, una mume anayeshona soli za watu wasiobadilisha viatu.

Slesi alinyoosha mkono kutoka kitandani akaushika wa dada yake. Ulikuwa bado na mikwaruzo ya vioo.

"Dada," alisema, "sema tu. Ni neno. Hawa hawakai kwenye lori lako. Waambie hutapiga, waondoke, tupumzike."

Mwenyekiti alisubiri, kofia mkononi. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kushinda na anataka kuonekana mwungwana.

Mama Taa aliketi ukingoni mwa kitanda, taratibu, asiutikise ule mguu. Hakumtazama mwenyekiti. Aliinama karibu na sikio la mdogo wake, mpaka waliosimama mlangoni wakalazimika kukisia, na hasira yote ikamtoka sautini, ikabaki pumzi tu.

"Na siku nikikuona tena unakuja, mdogo wangu," alisema, "nifanye nini?"