Koki Usawa wa Kigoda

Bibi yangu alipopooza upande mmoja, kitu cha kwanza kugombaniwa nyumbani kwetu Malindi kilikuwa kuoga. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Ndoo hawezi kuinua, kata inamponyoka. Mke wa ami yangu akamwambia, "Mama, njoo nikuoshe, hakuna aibu."

Bibi akausukuma mkono wake. "Mimi nimewaosha nyote humu. Hapana atakayeniosha nikiwa hai."

Basi ikabaki shawa. Ami, ndugu yake baba, ndiye aliyeiweka alipojenga, na koki yake ilikuwa imeganda kwa kutu, hata mimi nilikuwa naifungua kwa mikono miwili. Nikasema nitaibadilisha. Ufundi hakunifundisha mtu, nilijifunza kwa kuvunja na kuunga. Lakini bibi ndiye aliyenilea. Kwa ajili yake ningeng'oa nyumba nzima.

Na karibu niing'oe kweli. Nilimwaga tangi lote la juu, maana koki ya kulifungia ilikuwa imekatika shingo. Nikaishika paipu kwa spana moja isizunguke ndani ya ukuta, kwa spana ya pili nikazungusha koki. Nusu mzunguko tu, paipu ikakatika kama biskuti. Nikachimba kwa tindo nitafute pahali pazima pa kuchonga uzi wa kuungia paipu nyingine. Hapana. Nikaenda mbele. Hapana. Plasta ilikuwa inatoka na vipande vya makombe ya baharini. Nikaweka chembe ulimini: chumvi. Ukuta mzima ulipigwa plasta ya mchanga wa pwani, na chumvi imeila paipu kutoka nje.

Ami akasimama mlangoni. "We mwana! Nimekwambia koki, wewe wanibomolea nyumba!"

"Ami, nyumba hii uliibomoa wewe, siku uliyochota mchanga wa bure."

"Wanijibu mimi?"

"Ukuta ndio unaokujibu!"

Akavua kiatu. Kutoka chumbani bibi akaita, ulimi mzito: "Uaneni baadaye. Mimi tangu juzi sijaoga."

Ukutani sikurudi tena. Paipu mpya niliipitisha nje, kutoka tangini hadi chini, nikaibana juu ya vibao isigusane na ile chumvi. Kila kiungo nikakifunga katani na rangi yasivuje, kama wazibavyo jahazi. Mke wa ami akacheka, "Bafu letu limekuwa meli!" Nikamwambia basi aipande, aende zake. Koki nilinunua ile ya mkono mrefu, ya kusukumwa kwa kiwiko, nikaiweka chini, usawa wa kigoda cha bibi.

Aliingia, akafunga mlango. Akakaa sana, mpaka nikaanza kuogopa. Alipotoka kanga imekaa kombo, maji yanamtiririka shingoni. "Yanatoka vizuri," akasema, akapita.

Ramadhani haikumkuta hai. Wanawake wakajifungia naye mle bafuni, mimi na ami tukakaa nje ya mlango, hatusemezani. Tukasikia maji yanafunguliwa. Kisha sauti ya mke wa ami, na kilio ndani yake: "Nani kaiweka koki huku chini? Mgongo utanikatika!"

Nikainuka nimjibu. Ami akanishika goti.

"Kaa, mwanangu. Mwache amuoshe."

Nikakaa. Maji yakafungwa, yakafunguliwa tena.