Geji ya Marehemu

Siku moja naikumbuka hadi leo, mwanangu, na jana imenirudia nilipokuona unafunga geji mpya kwenye hilo gari lako la tabo. Keti kidogo. Haraka haraka haina baraka.

Kaka yangu Selemani alikuwa dereva wa lori la korosho, nami nikimpakilia mizigo. Geji yetu ya tabo, ile inayoonyesha tabo inaisukumia injini upepo kiasi gani, iliharibika. Akafunga nyingine, iliyotolewa kwenye lori lililozama mto Ruvuma pale Kitaya pamoja na dereva wake. Mimi sikuipenda. Kioo chake kilikuwa na ukungu kwa ndani, ukifuta haufutiki.

Geji ya zamani ilisoma kumi na tano mlimani. Hii ya marehemu haikuvuka moja. Selemani akadhani injini imepungukiwa upepo, akakaza fimbo ya valvu inayoupunguza ili uzidi, akakaza tena. Tabo ikaanza kulia. Si ule mluzi tuliouzoea, mwanangu. Ilikuwa sauti ya mtu anayeita kutoka mbali, jua la utosini, barabara tupu, ndege wote kwenye mikorosho kimya.

Kijijini Mahurunga tulisimama kwa mjomba wetu, dereva wa zamani aliyekwisha pofuka. Alitoka nje kabla hatujazima injini.

"Nani analia humo?"

Selemani akamweleza yote.

"Nisomee kilichoandikwa chini ya mshale."

"Baa, mjomba."

"Na ile ya zamani?"

"Pauni."

"Baa moja ni pauni kumi na nne na nusu. Marehemu amekwambia kweli tangu mwanzo, wewe hukumuuliza anahesabu kwa kipimo gani. Legeza hiyo fimbo."

Selemani akacheka. "Mjomba, baa, pauni, si upepo tu? Ikifika mbili nitalegeza."

Kwetu Wamakonde, neno la mjomba halijibiwi kwa kicheko. Mzee akanishika mkono. "Wewe shuka." Nikashuka, Selemani akaondoka peke yake.

Tuliisikiliza ile sauti ikipanda kilima, ikapanda, kisha ikakatika. Sikio la kufa halisikii dawa. Injini ilipasuka, lori likarudi nyuma hadi bondeni, na kaka yangu akafia humo. Nilimlilia mpaka sauti ikaniisha. Tulipomtoa, injini ilikuwa imezima na kupoa, lakini mshale haukurudi kwenye sifuri. Ulisimama kwenye mbili.

Geji yako wewe imeandikwa kilopaskali, nimeiangalia. Mia moja humo ndiyo baa moja. Basi ukiona mia usitishike, na ukiona moja usiidharau. Kabla hujaiamini namba, uliza kipimo chake. Kuuliza si ujinga. Na mkubwa wako akikwambia legeza, legeza.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akufikishe salama kila uendako, tabo yako ipige mluzi wake wa kawaida, na akuepushe na sauti ninayoisikia mimi kila jua linaposimama utosini.