Vimelea vya Ukoo Mmoja

Etyang wa Masaba, upande wa Uganda, aliapa kutokanyaga Kenya tangu fahali wake alipovuka mpaka akarudi akiwa supu. Shemeji yake alimletea bakuli, akidhani anamfariji. Etyang, mpiga kengele wa kanisa, hata kamba aliivuta akiwa ameipa Kenya mgongo.

Kwa hiyo alipokutwa na kifua kikuu, maneno ya muuguzi Joan yalimchoma kuliko sindano.

"Mzee, maabara wamesoma vinasaba vya vimelea vyako. Vinafanana na vya mgonjwa mmoja wa Busia, upande wa Kenya. Ni ukoo mmoja. Mnakutana wapi na watu wa huko?"

"Labda vimelea vinavuka vyenyewe. Mimi sivuki."

Mkewe, Acom, aliyekaa kando, alisikia neno moja tu. "Ukoo? Una ukoo Kenya?"

Joan alieleza mpaka koo likamkauka. Haikusaidia. Kesho yake Acom alibeba mchi, akaenda kumtafuta mke mwenza. Pale mpakani akakutana na mwanamke mwenye mwiko mkononi, akiuliza kila mpita njia.

"Dada, unamjua mwanamke wa Masaba anayekohoa na mume wangu?"

"Wa Masaba ni mimi, na sikohoi. Wewe ni wa nani?"

"Naitwa Kate. Wa Mukhwana, wa Busia. Muuguzi wa kwetu kasema vimelea vyake vina ukoo Masaba."

Walitazamana, mchi na mwiko hewani. Kisha wakaketi kwenye gogo, wakaulizana habari za wanaume wao, wakagundua hakuna mke mwenza, na hasira ikageuka kicheko. Jioni kila mmoja alimkokota mumewe hadi mpakani. Joan naye aliitwa.

"Kumbe ni Jenerali!" alipiga kelele Etyang.

"Askofu!" alijibu Mukhwana.

Miaka yote walikuwa wakinywa malwa, pombe ya ulezi, katika chungu kimoja kibandani kwa bibi Akwi, kila mtu na mrija wake, wakiitana kwa majina ya utani ya kilevini. Hakuna aliyewahi kuuliza jina la ubatizo la mwenzake.

"Basi ni mirija," alisema Acom.

"Si mirija, mama," alisema Joan. "Ni hewa. Kibanda hakina dirisha, mnakoholeana saa nzima."

"Afadhali," alisema Etyang. "Angalau mimi nilikohoa nikiwa Uganda."

Mukhwana alimtazama kwa huruma. "Askofu, mpaka unapita kwenye chungu. Mimi hukaa Uganda, nikiwakwepa polisi wa kwetu. Kigoda chako kiko Kenya."

Etyang alikaa chini palepale, akaomba maji.

Joan aliwapima wanywaji wote. Wengine wawili wakaanza dawa. Bibi Akwi alibomoa kuta, akabakiza paa. Etyang na Mukhwana walimeza vidonge miezi sita, bila pombe, wakinung'unika, wakapona. Acom na Kate sasa wanauza mtama pamoja sokoni Lumino, na mwenye kikohozi akikaribia meza yao, humpeleka kwa Joan kabla hajauliza bei.